Mnasihi Kijana na Njia ya Kuelekea Leseni: Mang'amuzi Kutoka Kibondo na Kasulu

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo katika vyuo vyetu huzungumzwa sana pembeni na kuandikwa mara chache: hali ya kijana aliyehitimu masomo ya unasihi, akapata kazi yake ya kwanza mbali na mji alikosomea, na akatakiwa kubeba siri na machozi ya watu kabla hajapata wa kumthibitisha kwamba anaifaa kazi hiyo. Tumechagua kuandika juu ya Kibondo na Kasulu, kwanza kwa sababu ndiko tulikokwenda mara kwa mara kuwaona wanafunzi wetu walio katika mazoezi na wahitimu waliobaki huko. Tena hatudhani kwamba iko pembe nyingine ya nchi yetu ambako kazi ya kusikiliza imehitajiwa na watu wengi kiasi hicho, kwa miaka mingi kiasi hicho, ikifanywa na watu wachanga kiasi hicho.

Mmoja wa wahitimu hao, ambaye hatutamtaja, alitusimulia siku yake ya kwanza kazini. Alipewa meza, viti viwili na daftari katika chumba kilichokuwa ghala ya maharage, katika kijiji kisicho mbali na Kitahana. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, kama zilivyo asubuhi nyingi za nyanda zile za juu, na hadi saa nne hakuna aliyebisha hodi. Kisha akaingia mama wa makamo, akaketi, akamtazama binti yule kwa muda mrefu, akauliza: "Mwanangu, nani amekutuma unisikilize?" Mnasihi akataja jina la mwajiri wake. Mama akatikisa kichwa. "Hao wanakulipa mshahara. Mimi nakuuliza aliyekutuma."

Dada huyu alitukiri kwamba hakuwa na jibu, na kwamba miaka mitatu baadaye bado hakuwa nalo. Katika swali la mama yule limo suala zima la leseni. Mtu anayefungua moyo wake mbele ya mgeni ana haki ya kujua ni nani amempima mgeni huyo, ni nani anayemwangalia akifanya kazi, na ni kwa nani atakapopeleka malalamiko iwapo siri yake itaonekana sokoni siku ya pili.

Leseni ni nini

Baadhi ya wasomaji wetu hudhani leseni ni cheti kingine cha kutundika ukutani. Sivyo. Cheti cha chuo kinasema kwamba mtu amesoma. Leseni inasema kwamba umma umekubali mtu huyo awahudumie watu, na kwamba umma huohuo unaweza kumnyang'anya ruhusa hiyo. Kwa hiyo ndani yake yamo mambo matatu yanayoshikamana: elimu iliyopimwa, saa za kazi zilizofanyika chini ya jicho la msimamizi mwenye ujuzi zaidi, na chombo cha kuwajibishana chenye kanuni za maadili na uwezo wa kuadhibu. Likikosekana moja, mengine mawili hupungukiwa nguvu.

Wala tusidhani kwamba mataifa mengine yalizaliwa na utaratibu huu. Marekani, ambako vitabu vyetu vingi vya unasihi vimetoka, jimbo la kwanza kutunga sheria ya leseni kwa wanasihi lilikuwa Virginia mwaka 1976, na la mwisho lilikuwa California mwaka 2009. Yaani safari ya miaka 33 katika nchi moja tajiri. Huko, mhitimu wa shahada ya uzamili hutakiwa kufanya maelfu ya saa chini ya usimamizi kabla ya kuruhusiwa kusimama peke yake, na idadi ya saa hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Jirani zetu wa Kenya walitunga Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia mwaka 2014, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia.

Hapa Tanzania hatuna sheria ya namna hiyo kwa wanasihi. Wauguzi na wakunga wanayo yao ya mwaka 2010. Wanasheria hupitia Shule ya Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Walimu waliundiwa Bodi ya Kitaaluma kwa sheria ya mwaka 2018. Wanasaikolojia wanacho chama chao, nacho kimefanya kazi ya kusifiwa ya kuwakusanya. Lakini uanachama ni jambo la hiari, na mtu aliyefukuzwa katika chama anaweza kesho yake kufungua ofisi na kuandika mlangoni neno "Mnasihi" bila kuvunja sheria yoyote tunayoijua.

Lakini serikali yenyewe, kwa sheria na nyaraka zake, imekwisha kuwategemea watu hawa. Waraka wa elimu wa mwaka 2002 uliagiza huduma ya ushauri na unasihi iwepo katika shule na vyuo vya ualimu. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mtu apewe ushauri nasaha kabla na baada ya kupima virusi. Kwa hiyo kazi imeamriwa kabla ya mfanyakazi kutambuliwa. Hatusemi haya kwa kulaumu. Pengine haikuwezekana kungoja. Lakini anayelipa gharama ya mpangilio huo ni kijana aliye kwenye chumba cha ghala ya maharage, na mama aliyeketi mbele yake.

Nchi ya watu waliofika wakikimbia

Msomaji asiyeijua sehemu hii anahitaji maelezo mafupi. Buha ya zamani ilikuwa na tawala zake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, na nyinginezo. Chini ya mwami walikuwako wateko, wazee wa ardhi, ambao pamoja na kugawa mashamba na kuongoza matambiko walisikiliza magomvi ya majirani. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, walikuwako na wako hadi leo bashingantahe, wazee waliokubaliwa na watu kuwa wenye busara na wasiopendelea. Maana yake ni kwamba swali la "nani amekutuma" si jipya katika nyanda hizi. Mteko alijulikana ametoka ukoo gani. Mshingantahe aliapishwa mbele ya watu baada ya kuchunguzwa tabia kwa miaka. Kwa namna yao, hao walikuwa na leseni, tena iliyokaguliwa kila siku na macho ya jirani.

Juu ya historia hiyo yakaja mawimbi ya wakimbizi. Warundi waliingia Kigoma mwaka 1972, kisha kwa wingi mkubwa zaidi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Mwaka 1996 vita vya mashariki ya Kongo vilileta Wakongomani, na kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu ikafunguliwa kwa ajili yao. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena; Nyarugusu ikafurika hadi kupita watu 150,000, na kambi ya Nduta katika Kibondo ikafunguliwa upya mwezi Oktoba mwaka huo, ikifuatiwa na Mtendeli, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kuingia katika wilaya mpya ya Kakonko. Makanisa yetu hayakuwa mbali na mambo haya: TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoanza mwaka 1964 kwa mkono wa Shirikisho la Walutheri Duniani, lilikuwa miongoni mwa waliofanya kazi katika kambi hizo.

Tumetaja tarehe hizi kwa sababu zinagusa mkate wa mnasihi kijana. Kazi nyingi za unasihi katika Kibondo na Kasulu zimefuata kambi, na kambi hufuata vita vya watu wengine na bajeti za watu wengine. Ilipofungwa Mtabila mwaka 2012, na ilipofungwa Mtendeli mwaka 2021, nafasi za kazi zilikwenda pamoja na mahema. Mikataba ni ya miezi sita, au mwaka. Kijana anaanza kumzoea msimamizi, au msimamizi anaanza kumjua kijana, mkataba unakwisha. Anahamia shirika jingine lenye fomu nyingine, na saa alizokwisha kufanya hazihesabiwi popote. Mtu anaweza kufanya kazi hii miaka saba na akawa bado ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akiurudia mara saba.

Msimamizi asiyepatikana

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, maana katika matatizo yote tuliyoyaona hili ndilo zito kuliko mengine, na ndilo lisiloeleweka vizuri hata na waajiri wenye nia njema.

Usimamizi wa unasihi si ukaguzi. Ni mazungumzo ya faragha, ya kila juma au kila majuma mawili, ambamo mnasihi mchanga hueleza alichosikia, alichojibu, na kile kilichotokea ndani ya moyo wake mwenyewe alipokuwa akijibu. Wanateolojia tunao mfano wa karibu. Mwaka 1925 mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa akili, aliwachukua wanafunzi wachache wa teolojia kwenda kuishi na kujifunza katika hospitali ya Worcester huko Marekani. Aliwataka wawasome wagonjwa kwa uangalifu uleule waliousomea vitabu, na kisha waketi kujadili walichokiona. Kutokana na mbegu hiyo likakua fundisho la uchungaji wa hospitalini, ambalo kwetu limefundishwa KCMC kule Moshi. Wachungaji waliolipitia hukumbuka jambo moja kuliko yote: ile saa ya aibu walipolazimika kusoma mbele ya wenzao, neno kwa neno, mazungumzo waliyofanya na mgonjwa, na kugundua kwamba walihubiri pale walipotakiwa kunyamaza. Hata Ayubu aliwapata rafiki wakaketi naye siku saba kimya. Walipoanza kusema ndipo walipoharibu.

Sasa msomaji ajiulize ni nani atakayempa kijana wa Kibondo saa hiyo ya aibu. Bosi wake wa karibu mara nyingi ni mtu wa utawala, au muuguzi mwenye majukumu kumi mengine. Swali analouliza mwisho wa mwezi ni "umewaona wangapi?", kwa kuwa ndilo swali ambalo yeye naye huulizwa na walio juu yake. Hatujapata kusikia akiulizwa "umewasikiaje?" Wataalamu wenye shahada ya juu ya saikolojia ya tiba wapo zaidi Dar es Salaam na katika miji michache mikubwa. Kwenda na kurudi kunamla kijana siku za kazi na mshahara wa mwezi.

Simu imesaidia kwa sehemu. Tunao wahitimu wanaosimamiwa kwa simu na walimu wao wa zamani, kwa hisani tu, bila malipo. Lakini katika vijiji kadhaa mtandao hushika vizuri mahali pamoja, yaani juu ya kilima, karibu na barabara, na hapo ndipo kila mtu huenda kupiga simu. Kijana mmoja alituambia kwamba alipotaka kuzungumza na msimamizi wake juu ya mteja aliyebakwa, alizungukwa na wauza mihogo wawili na mwendesha bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria. Akaishia kuzungumzia hali ya hewa.

Lugha ya maumivu

Vyuo vikuu vyetu hufundisha unasihi kwa Kiingereza. Kijana hujifunza kusikiliza kwa lugha ambayo hakuna mteja wake atakayeitumia. Akifika Kasulu anakutana na Giha; akiingia Nduta anakutana na Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Giha; akienda Nyarugusu anakutana na Kibembe na Kiswahili cha Kongo, ambacho Mtanzania hukidhani ni kilekile chake mpaka anapokosea jambo la maana.

Tulipata kuhudhuria mkutano wa wanasihi wachanga waliokuwa wakijadili neno moja. Vitabu vyao vinazungumza juu ya jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kuona kifo kwa macho. Kiswahili kimelipa jeraha hilo jina la kiwewe, na neno hilo ni zuri. Lakini wateja wao Warundi walisema ihahamuka, neno lililoenea sana Rwanda baada ya mauaji ya mwaka 1994, ambalo picha yake ni ya mtu anayekatwa pumzi kwa hofu. Mama wa Kiha yeye alisema tu kwamba ana mawazo mengi na usiku moyo unamwenda mbio. Je, hawa watatu wana ugonjwa mmoja? Dodoso la maswali 9 linaloitwa PHQ-9, ambalo hutumika duniani kote kupima sonona, limetafsiriwa kwa Kiswahili na linasaidia. Lakini dodoso huuliza; halijui kungoja. Na mteja asiyejua kusoma, anayesomewa maswali hayo na kijana mwenye kalamu, mara nyingi huyajibu kama anavyojibu maswali ya mgao wa chakula: kwa kutafuta jibu litakalompatia kitu.

Pale ambapo lugha imeshindikana huitwa mkalimani, ambaye kwa kawaida ni mkimbizi mwenzake mteja. Katika kikao kimoja, tuliambiwa, mteja alisimulia usiku wa kijiji chake kuchomwa, na mkalimani akanyamaza. Mnasihi akadhani anatafuta neno. Kumbe kijiji kilikuwa chake pia. Hakuna somo lililomfundisha mhitimu yule afanye nini na watu wawili wanaolia ilhali yeye haelewi hata mmoja anasema nini. Siku ile alifunga daftari, akaketi nao. Sisi tunaona alifanya vema, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo, na kwa miezi kadhaa aliamini kwamba siku ile alishindwa kazi.

Siri na sheria

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kijiji cha Kibondo, kata anajulikana, mtungi anajulikana, na njia ya kwenda kisimani inaonekana na wote. Anayeingia katika chumba cha unasihi amekwisha kutangaza kwamba ana jambo. Wanasihi wenye akili wamebuni njia zao: wengine huzungumza na mteja wakitembea kuelekea shambani, mwingine huketi na akina mama wanaposuka mikeka. Njia hizi hazimo vitabuni, na iwapo siku moja bodi itakuja kuuliza saa ngapi zilifanyika ofisini, hatujui zitahesabiwaje.

Jambo gumu zaidi ni pale sheria mbili zinapovuta kila moja upande wake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo yatunzwe kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka za serikali ya mtaa. Msichana wa miaka 14 anapomwambia mnasihi wa shule juu ya mjomba wake, na kumsihi asiseme, mnasihi hana uchaguzi: ni lazima aseme. Alipaswa kumweleza msichana huyo mpaka wa siri kabla hajaanza kusimulia. Wahitimu wengi tuliowauliza walijua kanuni hii kwa nadharia. Wachache sana waliwahi kuizoea kwa vitendo mbele ya msimamizi, na kosa hujulikana baada ya mtoto kuona amesalitiwa.

Tena liko suala la mtu aliyejaribu kujiua. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, na mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu yake ilikitamka kuwa kinyume cha katiba. Kwetu bado kipo, na watu wanakijua. Matokeo yake ni kwamba mteja huficha jambo lile hasa ambalo mnasihi anahitaji kulisikia mapema, na familia hupeleka mgonjwa hospitali ikisema amekunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya. Mnasihi mwenye leseni angekuwa na kanuni za maadili za kushika mkononi anapozungumza na polisi. Asiye nayo anategemea ujasiri wake, na ujasiri wa mtu wa miaka 25 mbele ya ofisa mwenye sare una kikomo.

Juu ya uchovu wa roho hatutaandika mengi, ingawa ni jambo kubwa, kwa kuwa wengine wamekwisha kuliandika vizuri. Tunasema tu kwamba anayesikiliza mauaji kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha akarudi katika chumba cha kupanga ambamo hana ndugu, hawezi kuambiwa kwamba kinachomkosesha usingizi ni upungufu wa imani. Tumesikia akiambiwa hivyo, na waliosema walikuwa watu wa kanisa.

Je, leseni itawafungia nje wazee na wachungaji?

Katika mijadala yetu ya chuoni, upinzani mkubwa dhidi ya leseni hutoka kwa wachungaji wenzetu. Wanauliza: ikiwa sheria itakuja, mzee wa kanisa anayemfariji mjane atahitaji kibali? Na mchungaji, ambaye tangu kuwekwa wakfu amefungwa na ahadi ya kutunza siri ya ungamo, atasimamiwa na bodi ya serikali? Hofu hii si ya kudharauliwa. Lutindi kule Usambara, mahali palipoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, palihudumu kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote katika nchi hii kutamka neno saikolojia.

Tena uko ushahidi kwamba watu wasio na shahada wanaweza kufanya kazi hii vema. Mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa wa sonona katika mabenchi ya nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini wanaopenda kuutaja mfano huu husahau nusu yake. Akina bibi wale walifundishwa, walipewa utaratibu wa kufuata, na walikuwa na wasimamizi. Walichokosa ni shahada tu. Usimamizi walikuwa nao, yaani kile ambacho mhitimu wetu wa Kibondo mwenye shahada hana.

Kwa maoni yetu, basi, sheria ikija inafaa ilinde jina na kazi ya malipo: anayejiita mnasihi na kuchukua mshahara au ada kwa jina hilo awe amepimwa na awe na wa kumwajibisha. Isimguse mzee anayemtembelea mfiwa. Na mchungaji, kama anataka kufanya zaidi ya uchungaji, akapokea watu kwa miadi na kuwatibu ndoa na kiwewe chao, hatuoni kwa nini joho limwokoe na usimamizi ambao hata Boisen aliwataka wanafunzi wa teolojia waupitie.

Wakati sheria haijaja, yako ambayo vyuo na dayosisi zinaweza kufanya bila kuomba ruhusa ya mtu. Wanasihi wanne au watano wa wilaya moja, wa mashirika na madhehebu mbalimbali, wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi katika chumba cha usharika na kusomeana kazi zao, wakificha majina. Kasulu, yenye chuo cha ualimu na yenye hospitali ya Kabanga jirani, haikosi watu wa kuanzisha kikundi hicho. Chuo kinaweza kumlipia msimamizi mmoja nauli ya kwenda huko kila robo mwaka, gharama iliyo ndogo kuliko ya mahafali. Na kila mhitimu aanze kuandika saa zake tangu siku ya kwanza, tarehe, muda, aina ya kazi, bila jina la mteja, na kuzipeleka zitiwe sahihi na aliyezishuhudia, maana bodi zikiundwa huwauliza waliotangulia kazini waonyeshe walichofanya.

Dada wa ghala ya maharage alikuwa ameanza mwenyewe bila kuambiwa. Katika safari yetu ya mwisho alitutolea daftari la kurasa 96, lililojaa mistari iliyonyooka ya kalamu ya buluu. Alikuwa amefikisha saa 612. Safu ya mwisho ya kila ukurasa ilikuwa na kichwa "Sahihi ya Msimamizi", na chini yake hapakuwa na kitu. Aliomba tumtilie sahihi. Tulitazamana, maana tulimjua na tuliamini kila mstari. Kisha tukazihesabu zile saa tulizoketi naye wenyewe tukijadili kazi yake, katika safari tatu, zikawa 9. Hizo tukazitia sahihi na tarehe. Nyingine 603 hatukuzigusa. Alitushukuru, akalifunika daftari kwa gazeti kuukuu ili lisichafuke, kisha akatoka nje, kwa kuwa palikuwa na mtu akisubiri.